Kipi Hasa Ndiyo Poa? Maneno ya Fundi Cherehani kwa Wahitimu wa Kidato cha Nne, Tanga

Mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wahitimu mliopigwa na jua tangu saa tatu asubuhi: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wote kwa pamoja, habari za mchana.

Ahsanteni. Sasa nawasalimu wahitimu peke yao, kwa salamu yao wenyewe. Mambo?

Haya, nimeisikia hiyo "poa" mpaka mwembe umetikisika. Basi neno hilo mliloitikia ndilo lililonileta hapa, na leo sitatoka nje yake.

Wiki tatu zilizopita wahitimu watatu walikuja kwenye kibaraza changu cha kushonea, kule Ngamiani. Wakaniamkia, nikaitikia, nikadhani wameleta suruali. Hawakuleta. Mmoja akasema, "Mzee, kila mwaka mgeni rasmi anakuja kutuambia tusome kwa bidii na tujiepushe na makundi mabaya. Hayo tumeyashika. Sisi tunaomba wewe utuambie kipi ni poa na kipi siyo, maana ndiye unayetushonea." Nikakubali. Walipoondoka nikabaki nimekaa, tepu ya kupimia shingoni, cherehani imesimama. Miaka 31 nimeulizwa bei, nimeulizwa itakuwa tayari lini, lakini hilo sikuwahi kuulizwa.

Tuanze na suruali, maana huko ndiko tunakojuana. Mwanzo wa muhula mzazi ananiletea mtoto, nampima, namshonea suruali ambayo mguu unapumua. Wiki ya pili mtoto anarudi peke yake, jioni, suruali imekunjwa katikati ya madaftari. "Fundi, nibanie hapa chini." Nambania. Wiki ya nne huyo anakuja tena, uso umeshuka: mwalimu wa nidhamu kasema iachiwe. Nafumua. Kuna mmoja kati yenu, simtaji jina, suruali yake nimeibana na kuiachia mara tatu ndani ya muhula mmoja. Ile mara ya tatu niliiinua kwenye mwanga wa dirisha nikamwonyesha: pale sindano ilipopita, ikarudi, ikapita tena, kitambaa kimekuwa vitundu vitupu kama chujio la chai. Nikamwambia, mwanangu, kitambaa nacho kinachoka kubishaniwa. Akacheka sana, lakini tangu siku hiyo aliiacha ilivyo.

Walimu wangu, msinione nawatetea watoto. Nataka tu wajue kwamba ugomvi huu umewazidi umri. Tarehe 1 Januari 1969 nchi hii ilianza Operesheni Vijana. Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umetangaza, mwaka uliotangulia, kwamba sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana havitakiwi. Yaani suruali ya kubana ilishakuwa na kesi kabla mimi sijajua kutembea! Miaka michache mbele vijana wakageuza upande. Likaja bugaluu, suruali inayoshika mapaja kisha inamwagika chini kama kengele, pamoja na viatu vya raizoni vyenye soli nene kama tofali. Marehemu baba yangu alikuwa fundi, na cherehani yake ya kukanyaga, Singer, ndiyo niliyojifunzia. Aliniambia wazee walewale waliokasirikia suruali nyembamba walikuja kukasirikia pana. Baadaye likaja vazi la kata K, kijana anatembea mkono mmoja umeshika kiuno ili suruali isimwache njiani. Kisha modo, ile ya kubana tena. Na sasa naona wadogo zenu wa kidato cha pili wanakuja kuniuliza kama naweza kushona suruali pana. Naweza. Chati za baba bado ninazo.

Hata wakubwa wamo kwenye mzunguko huo. Mnaijua Kaunda suti, ile isiyohitaji tai, iliyochukua jina la Rais wa kwanza wa Zambia. Kuna wakati ilikuwa vazi la ofisa mwenye faili kwapani. Ikazeeka, ikabaki kwa wastaafu. Mwaka 2023 Rais William Ruto wa Kenya akawa anaivaa mara kwa mara, na mafundi wakaanza kuulizwa tena habari zake. Novemba ya mwaka huohuo, Spika Moses Wetang'ula akaikataza ndani ya Bunge lao. Suti ni ileile, mifuko minne ileile, na ndani ya mwaka mmoja imepanda chati na kutolewa nje ya mlango.

Nasema haya kwa mapenzi. Kijana kupenda kuonekana vizuri ni jambo jema, na Kiswahili kimelipa jina la heshima: utanashati. Nikimwona kijana kapiga shati lake pasi ya mkaa, kakung'uta majivu kwanza ili lisichafuke, kola imesimama, moyo wangu unafurahi. Ila mkiniuliza kipi ni poa nikawajibu kwa upana wa suruali, jibu langu litakuwa limeshapitwa kabla matokeo yenu hayajatoka.

Kwa hiyo nimeligeukia neno lenyewe. Nimeligeuza ndani nje kama ninavyogeuza koti.

Maneno ya kusifia tumekuwa nayo mengi. Sisi tulisema bomba, tukasema bab kubwa, tukasema kamili gado. Ulikuwepo wakati ukimwambia mtu "mambo" anakujibu "poa kichizi kama ndizi", na hakuna aliyehoji ndizi imeingiaje. Mengi yamekwenda na wakati wake. Poa haijaondoka. Ukiwa Tanga wanaijua, ukiwa Mwanza wanaijua, ukivuka Horohoro ukaenda Mombasa na Nairobi unaikuta imekutangulia. Neno likidumu hivyo ujue kuna kitu limebeba.

Kupoa ni kitenzi. Chai imepoa. Homa imepoa. Ugomvi wa jana umepoa. Sasa sikilizeni. Maji ya kisimani ni ya baridi, lakini hatusemi yamepoa, maana ndivyo yalivyo siku zote. Ili tuseme kitu kimepoa, lazima kwanza kiwe kilichemka. Kwa hiyo mtu anayekujibu "poa" hajasema kwamba kwake hakuna moto. Huenda usiku kucha moto ulikuwepo. Amesema umetulia, unaweza kumsogelea.

Na kupoa kuna ndugu yake, kupoza. Hapo ndipo nilipolala nalo siku tatu.

Nina picha moja tangu utotoni. Mdogo wangu anaumwa, alfajiri, anataka uji na uji unachemka. Mama ana vikombe viwili vya bati. Anakiinua kimoja juu usawa wa uso, anamimina, uji unashuka kama utepe, mvuke unampanda usoni. Anabadilisha mikono, anamimina tena. Vikombe vya bati havina huruma, joto lote liko kwenye vidole, kwa hiyo anavishika kwa ncha ya kanga, na kanga ikiteleza anauma meno. Anadondosha tone juu ya kifundo cha mkono, anasikiliza, anatikisa kichwa, bado. Mtoto analia. Anamimina mara nyingine nne, tano. Mwisho anadondosha tone, anatulia, anasema, "Haya, umepoa." Mtoto anakunywa, analala.

Wahitimu, mimi sijui poa nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Kwangu mimi kitu ni poa pale mtu mwingine akikigusa anapata nafuu. Sina kipimo kingine, na nimekijaribu hiki kwa vitu vingi vya kila siku nikaona kinashika.

Nimekijaribu kwa makonda. Mnawajua, maana mmeteseka nao. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, basi daladala ikisimama kituoni mnaona mlango unazibwa kwa mkono: "Wanafunzi wawili tu! Wawili!" Wengine mnabaki, kengele ya shule inawasubiri. Lakini kuna konda mmoja wa njia yangu, kijana wa umri wa kaka zenu. Kwa macho ana kila kitu ambacho mngekiita poa: kofia kaigeuza nyuma, noti kazikunja kwa urefu na kuzipanga katikati ya vidole kama feni, sarafu anazichezesha kiganjani mpaka zinaimba, anashuka gari halijasimama na kupanda likiwa limeondoka. Hayo yote yapo. Siku moja ya mvua wanafunzi kama saba wamejikunyata kituoni, na dereva alitaka kupitiliza. Yule kijana akapiga bodi mara mbili, gari likasimama, akawaambia, "Ingieni wote, mabegi nipeni mimi." Akapanda wa mwisho, ananing'inia mlangoni, mabegi manne shingoni, mgongo wake wote uko kwenye mvua. Tangu siku hiyo kofia yake ile ya kugeuza naiona imemkaa sawasawa.

Wenzetu wa Nairobi wana matatu wanazoziita nganya, zimechorwa ubavu mpaka dari, taa za kila rangi, muziki unausikia kifuani. Mwaka 2004 zilikuja kanuni za waziri wao Michuki: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, na mstari wa njano ubavuni, na michoro mingi ikafutika kwa muda. Leo imerudi, na nyingine ni kazi za wasanii hodari kwelikweli. Nilipanda moja kwenda Rongai. Nimesahau ilichorwa nini. Ninachokumbuka ni mama aliyepanda na kiroba cha mboga, na vijana wawili waliovalia kama wanakwenda jukwaani, wakakipokea kiroba, wakakipakata magotini mpaka aliposhuka. Majani ya sukuma wiki yaliwalowesha suruali na hawakujifuta.

Sasa nataka kusema juu ya neno jingine, na hapa naomba utulivu, kwa sababu limeniuma. Kinyume cha poa, ninyi mnasema mshamba. Mtu akivaa asivyotakiwa, mshamba. Akishangaa ngazi inayotembea, mshamba. Nimelisikia neno hili kibarazani kwangu mwaka huu, anaambiwa kijana aliyetoka Muheza. Alikuwa amerudi kutoka likizo na kiroba cha machungwa, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu. Wenzake walimcheka hapohapo, na hapohapo wakafungua kiroba. Nilikuwa nashona vifungo, nikawa nahesabu bila kutaka. Walikula machungwa kumi na moja. Maganda niliyafagia mimi jioni. Kijana mwenyewe alikuwa anawamenyea, kisu kidogo mkononi, ganda linatoka refu bila kukatika, anamkabidhi aliyemcheka zaidi kwanza.

Nikaapa nikipewa nafasi nitalisema. Mshamba ni mtu wa shamba. Machungwa, mihogo, maharage, hata pamba ya uzi ninaoshonea, vyote vimetoka kwa mtu wa shamba. Tumechukua jina la anayetulisha tukaligeuza tusi. Ninyi ndio wenye lugha ya kesho, maneno mnayoyafufua yanafufuka na mnayoyaua yanakufa. Hili nawaomba mliue. Na yule kijana wa Muheza yupo hapa, simtaji, lakini yeye na mimi tunajua nani alikuwa poa siku ile.

Nirudi kwenye nguo, maana mkono umezoea huko.

Vazi ninaloliheshimu kuliko yote ni vazi ambalo halinihitaji. Kanga. Mama ananunua doti, anaikata vipande viwili, anakunja pindo, basi. Haina saizi. Mwembamba inamfaa, mnene inamfaa, mjamzito inamfaa mwezi wa pili na mwezi wa tisa. Wafanyabiashara wameinuka na kuanguka lakini kanga iko; pale Mombasa Kaderdina Hajee Essak alianza biashara mwaka 1887, na mpaka leo mwanamke wa pwani akitaka kanga ya uhakika anatafuta pembeni maandishi "Mali ya Abdulla". Ina pindo, ina mji, ina jina. Na jina lake linasema kile ambacho mwenye kuivaa hawezi kukitamka mbele ya mkwewe. Ila nitawaambia ninachokipenda zaidi. Angalieni pale kwenye turubai, wazazi wanisamehe. Kanga moja imebeba mtoto mgongoni. Nyingine imetandikwa chini, watoto watatu wamelala juu yake. Bibi yule kaifanya mwavuli. Ile nyingine naona imefunga zawadi ya mhitimu. Na nina hakika kuna mmoja wenu leo asubuhi alifutwa vumbi la kiatu kwa ncha ya kanga mlangoni akasema, "Mama, acha bwana, watu wanaona."

Kuna koti pia nililitaka kulileta, nikaona joto limezidi. Lilitoka kwenye belo la mitumba, siku zile wazee bado wakiziita nguo hizo kafa Ulaya. Nililinunua kwa bei ya soda chache kwa sababu bega lilikuwa limechanika. Nje lilikuwa koti la kawaida, kijivu. Nilipofumua bitana ili nilitengeneze bega, nikakuta ndani mshono wa mkono ambao sijauona tena mpaka leo. Hatua ndogo, sawasawa, kama punje za mtama zimepangwa kwa rula, kuanzia kwapani mpaka chini. Mahali ambapo mvaaji hatapaona maisha yake yote. Fundi huyo simjui, wala nchi yake siijui. Lakini alitaka bega la mtu asiyemfahamu lisikwaruzwe. Nilikaa na koti lile mwezi mzima, nafumua kidogo, najifunza, nashona. Kila suruali ya shule hii mliyovaa ina mshono huo kiunoni, kwa ndani. Sikuwahi kumwambia mtu, na sikuongeza bei.

Mtaniambia, mzee, umeisahau simu. Sijaisahau. Pigeni picha leo, pigeni nyingi, mmependeza. Mkimpiga picha bibi yenu, mwonyesheni kwanza kabla hamjairusha, ajirekebishe ushungi. Hilo linatosha kuhusu simu.

Watoto wa kiume mliovaa baraghashia, shikeni kofia zenu kichwani mguse vile vitundu. Kofia ya viua ya kushonwa kwa mkono, kila kitundu kimezungushiwa uzi peke yake, na kazi hiyo inakula wiki nyingi. Ukiitazama kwa mbali unaona maua. Lakini mwenye kuivaa kwenye jua hili anajua kwamba upepo unaingia. Mshonaji aliinama, akaumia macho, ili kichwa cha mtu kipate hewa. Ninyi mlioivaa leo ni mashahidi wangu.

Nakaribia kumaliza, maana naona walimu wanaangalia saa na mapilau yananukia.

Mmeona pale nyuma, chini ya mwembe, pana mtungi juu ya kigoda. Nimeuleta mimi na mke wangu kwa bajaji, tumeushika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nimeulizwa na watu wanne kwa nini sikuleta maji ya kwenye friji. Nimeuleta kwa ajili yenu mliosoma fizikia, na kwa ajili yenu ambao fizikia iliwashinda. Nendeni mkauguse ubavuni. Umelowa. Haujavuja. Udongo wa mtungi umechomwa ukabaki na vitundu vidogo mno, maji yanapenya polepole mpaka nje, na upepo ukipita unayakausha. Maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto, yanalitoa hukohuko ndani. Ndiyo maana bibi zetu hawakuuweka mtungi kwenye chumba kisicho na dirisha. Waliuweka penye kivuli panapopita upepo, kama pale, upepo unatoka baharini. Siku ya unyevunyevu hewani unapoza kidogo tu. Siku kama ya leo unapoza vizuri.

Yaani mtungi unapoza kwa kutoka jasho. Tangu saa moja asubuhi, wakati sisi tunapanga viti na kugombana na spika, wenyewe ulikuwa umekaa pale unatoka jasho, hakuna aliyeutazama.

Maji ni ya kutosha nusu yenu tu, nusu nyingine mtakunywa ya chupa, mtanisamehe. Kata iko moja, ya kifuu, nimeining'iniza kwenye tawi. Kwa hiyo mtapanga foleni. Naomba walinzi na wapishi waanze, wamesimama tangu alfajiri. Kisha vidato vya chini, wamewaimbia ninyi nyimbo tatu koo zimekauka. Wahitimu mtakuwa wa mwisho, na yule wa Muheza ndiye atakayeshika kata.

Suruali zikiwa fupi mwakani, njooni. Nimeacha kitambaa cha akiba ndani ya pindo, inchi mbili kila mguu.

Ahsanteni sana.